Picha Isigande! Vidokezo 12 kwa Wenye TV Boksi Baraka na Fizi

Video ya harusi imetoka Marekani ndani ya flashi, na jioni hii ukoo mzima umejaa sebuleni. Bibi amepewa kiti cha mbele. Bwana harusi anaishika shela, anaanza kuifunua, na picha inaganda! Sauti inaendelea, nyuso zimesimama, watoto wanapiga kelele. Tayari kuna mjomba anayeshauri mnunue boksi jipya.

Subirini kwanza. Msitoe hata dola moja. Hapa kwetu umeme tunauchota juani na mega tunazinunua kwa kupimiwa, kwa hiyo mara nyingi kosa haliko ndani ya boksi. Picha inapita njia ndefu: betri, waya, mtandao au flashi, boksi, ndipo ifike kwenye TV. Ni kama RN5 wakati wa mvua, lori moja likizama kwenye matope hata jipu jipya lililo nyuma linasubiri. Leo tunalitafuta hilo lori lako. Una haraka? Ruka moja kwa moja hadi namba inayokuhusu.

1. Anzia kwenye betri

Boksi linajizima katikati ya filamu? Linawaka upya lenyewe kila nguvu zinapopungua usiku? Kabla ya kugusa kitu kingine, pima volti. Betri ya volti 12 ikiwa imechoka, kila kitu kinachoitegemea kinachechemea, na boksi ndilo hulia la kwanza.

Sasa sikiliza habari njema. TV nyingi ndogo za sola hutumia volti 12 moja kwa moja, na maboksi mengi hutaka volti 5 tu. Ukizipitisha zote kwenye inverta, unapandisha umeme wa betri hadi volti 220, halafu chaja ya boksi inaushusha tena hadi 5. Safari yote hiyo ya nini? Inverta yenyewe hula umeme hata ikiwa hujachomeka kitu. Funga TV kwenye betri kupitia kontrola ya sola, kisha boksi ulipe chaja ya gari, ile ya kugeuza volti 12 kuwa 5 kwa tundu la USB. Ni kitu kidogo, kipo madukani, na kinakurudishia dakika nyingi za kutazama.

Piga hesabu uone. Betri ya 12V yenye Ah 100 hubeba wati-saa 1,200. Ukitumia nusu tu, ili betri ya risasi isife mapema, una 600. TV ya wati 30 na boksi la wati 10 ni wati 40. Hata ukitoa kinachopotea njiani, jioni nzima mnatazama na taa inabaki inawaka.

Tahadhari moja nzito: soma maandishi yaliyo chini ya boksi kabla ya kuchomeka. Yapo maboksi ya volti 12 pia, na boksi la volti 5 likipewa 12 linaungua palepale. Halafu angalia waya wenyewe. Waya mwembamba uliovutwa mita 10 kutoka betri hadi sebuleni unaweza kupoteza volti nzima njiani. Sogeza betri karibu, au nunua waya mnene. Mnene!

2. Tundu la USB la TV si chaja

Wengi huchomeka boksi nyuma ya TV ili kuokoa waya mmoja. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa wati 2.5, na boksi lenye chaja ya 5V 2A linaweza kudai hadi 10. Litawaka, utafurahi, halafu likianza kazi ngumu litakwama. Lipe chaja yake. Diski ngumu ya nje nayo huchota umeme kwenye boksi hilohilo, kwa hiyo ukiwa nayo, tafuta ile yenye chaja yake au tumia flashi.

3. Hesabu nukta za TV yako

Hiki ndicho kidokezo kinachookoa pesa haraka kuliko vyote! TV nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768. Video ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160. Zile zote za ziada TV yako haina pa kuziweka. Boksi linahangaika kuzipunguza, mega zinakwisha, na jicho halioni tofauti.

Netflix hushauri kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Mkondo ukitumia kasi hizo kikamilifu, saa moja inakula GB 1.35, GB 2.25 na GB 6.75. Kwa inchi 32, chagua 720p bila aibu yoyote. Kwenye YouTube bonyeza alama ya gurudumu, weka 720p kwa mkono wako, usiiache ijiamulie. Mtandao ukiwa mzito shuka hadi 480p. Picha ya 480p inayotiririka inapendeza kuliko 1080p inayosimama kila baada ya sekunde chache, na bibi atakubaliana nami.

4. Shusha usiku, tazama jioni inayofuata

Mnara mmoja unagawa nguvu zake kwa simu zote zinazouzunguka. Baada ya chakula cha jioni, Baraka nzima iko mtandaoni: huyu yuko WhatsApp na binti yake aliye Bukavu, yule anatafuta matokeo ya mpira, jirani anatazama kwaya. Ukianza kutazama moja kwa moja saa hizo, unapigania njia na mji mzima.

Shusha usiku wa manane au alfajiri kabla ya jogoo. Programu zinazoruhusu kupakua, Netflix ikiwemo, zinakuwezesha kuweka filamu kwenye simu mapema. Vifurushi vya usiku navyo, pale vinapouzwa, mara nyingi huwa na bei nafuu, basi uliza wakala wako. Jioni ikifika unatazama bila kugusa mtandao kabisa. Faili lililo ndani ya nyumba haliulizi mnara umeamkaje.

5. Simu ya hotspot ipande juu

Ukitumia simu kama mdomo wa intaneti, usiiache mezani katikati ya vikombe. Iweke juu, dirishani, upande ule ulio na mnara. Kwa mtu wa Fizi-Centre hili ni muhimu zaidi, maana mgongo wa kilima ukikaa kati yako na mnara hakuna simu ya bei yoyote itakayokusaidia. Jaribu madirisha yote ya nyumba kabla ya kuamua. Mara nyingine tofauti ya mita chache inashangaza.

Kisha angalia upande wa boksi. Likijificha nyuma ya TV, chuma cha TV kinalifunika. Litoe pembeni. Wi-Fi ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi. Ile ya 5 GHz ina kasi lakini huchoka upesi ikikutana na ukuta. Mkiwa chumba kimoja tumia 5, mkiwa vyumba tofauti tumia 2.4. Kuna jambo jingine wachache wanalijua: diski ya USB 3.0 ikikaa karibu na antena hutoa kelele inayoivuruga 2.4 GHz. Isogeze mbali kwa waya mfupi wa kuongezea.

Mwenye ruta, nunua waya wa mtandao ufunge boksi moja kwa moja. Waya huo hufika hadi mita 100 bila kulalamika, hausumbuliwi na kuta, na Wi-Fi inabaki kwa ajili ya simu za watoto.

6. Ukifikiria Starlink, hesabu wati kwanza

Serikali ya Kongo iliipa Starlink leseni mwaka 2025, na wengi wanaizungumzia. Kasi yake inatosha kabisa kwa video. Lakini dishi la kawaida linatumia wati 75 hadi 100, zaidi ya TV na boksi lako kwa pamoja. Lile dogo liitwalo Mini linatumia 25 hadi 40, na ndilo linaloendana na paneli zetu. Dishi hilo linataka anga wazi pia. Mchikichi mmoja ukisimama mbele yake, picha itakatika kila satelaiti inapopita nyuma ya makuti.

7. Mtumie ndugu aliye ughaibuni ujumbe huu

Hapa tukae kidogo, maana sehemu kubwa ya video tunazozithamini zinatoka kwa watu wetu walio mbali. Familia nyingi za Fizi zilivuka ziwa zikaishi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, na baadaye baadhi zikapelekwa kuishi Marekani na kwingineko. Huko wanaoa, wanabatiza, wanazika, wanaimba. Wanarekodi kwa simu nzuri sana, na uzuri huohuo ndio unaolilemea boksi lako.

iPhone hurekodi kwa mfumo wa HEVC, unaoitwa pia H.265, uliotoka mwaka 2013. Ni mfumo mzuri, unabana video iwe karibu nusu ya ukubwa wa ile ya H.264 ya mwaka 2003. Shida ni kwamba boksi la zamani halina kipande cha kuusoma. Linajaribu kwa nguvu za akili yake ya kawaida, linapata joto, picha inakatakata. Mara nyingine unasikia sauti tu, skrini nyeusi.

Ukubwa nao! Kwa makadirio ya Apple yenyewe, dakika moja ya 4K kwa picha 60 kwa sekunde ni karibu MB 400. Sherehe ya saa moja inafika GB 24. Dakika hiyohiyo kwa 1080p na picha 30 ni MB 60 tu kwa HEVC, yaani saa nzima ni GB 3.6; kwa H.264, utakayoiomba hapa chini, ni karibu mara mbili, lakini bado iko mbali na 24.

Basi mwandikie hivi: "Yaya, kabla ya sherehe ingia kwenye mipangilio ya kamera. Kwenye Formats chagua Most Compatible. Kwenye Record Video chagua 1080p kwa 30, na uzime HDR. Asante, tunawasubiri." Simu yake ikizungumza Kifaransa, ataona Le plus compatible. Hiyo HDR ndiyo inayofanya nyuso zionekane zimepauka kwenye TV zetu, kama zimepakwa unga. Akiizima, rangi ya vitenge inarudi.

Na akituma kwa WhatsApp, atume kama dokumenti, si kama video ya kawaida. WhatsApp huikamua video ya kawaida hadi ukungu ukaonekana, lakini dokumenti hupita ilivyo, hadi GB 2. Je, video imeshafika katika HEVC? Mpelekee kijana mwenye kompyuta, aweke programu ya bure iitwayo HandBrake, achague mpangilio wa Fast 720p30. Unapata faili la mp4 la H.264 ambalo karibu kila boksi linalicheza. Kazi inachukua muda, basi aiwashe wakati jua limewaka na betri imejaa.

8. Flashi ya GB 4 na flashi ya uongo

Faili linakataa kunakiliwa, na flashi inaonekana ina nafasi tele? Flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Ipangilie upya kwa exFAT, ukishahamisha vilivyomo kwanza, kwa sababu kupangilia upya kunafuta kila kitu. Angalia tu kama boksi lako linaisoma exFAT. Yapo ya zamani yasiyoweza. Likikataa, rudi FAT32 na uikate video vipande viwili.

Kuna kesi nyingine inayoumiza zaidi. Flashi imeandikwa GB 128, bei ya kupendeza, lakini ndani kuna GB 8. Inapokea mafaili yote kwa tabasamu, halafu ukifika katikati ya filamu, mwisho! Kilichozidi kimepotea. Programu ya bure ya H2testw hujaza flashi nzima na kuisoma tena ili kuona kama nafasi ni ya kweli. Mwombe muuzaji muijaribu kabla hujatoa pesa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

9. Badilisha kichezaji kabla ya kubadilisha boksi

Kichezaji kilichokuja na boksi mara nyingi ni dhaifu. Weka VLC, programu ya bure iliyoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996. Washa uharakishaji wa hadwea kwenye mipangilio yake, ili kipande maalumu cha boksi kifanye kazi ya kusoma video. Video isiyo na sauti, VLC mara nyingi huipatia sauti.

Ukiona picha inarukaruka kidogo kamera inapogeuka taratibu, huo si mtandao. Filamu nyingi zina picha 24 kwa sekunde na TV inawaka mara 60, kwa hiyo picha moja inakaa kidogo zaidi na inayofuata kidogo pungufu. Kichezaji kingine kiitwacho Kodi kina mpangilio wa kulinganisha kasi ya skrini na video, na maboksi mapya ya Android TV yanao pia. Uwashe mara moja, usahau.

10. Boksi linataka hewa

Kando ya ziwa joto letu si la mchezo, na chipu ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Picha inaanza vizuri, baada ya nusu saa inakwama: hiyo ndiyo dalili. Toa boksi chini ya kitambaa cha kufumwa, ndiyo, hata kama kinapendeza. Ondoa dekoda iliyolaliwa na boksi. Liinue kwa vifuniko vinne vya chupa ya soda ili hewa ipite chini. Kiangazi futa vumbi kwenye matundu kila wiki.

11. Katoni inasema 8K, je, boksi lenyewe?

Sasa tufike kwenye ununuzi, ikiwa kweli lazima. Katoni zinaandikwa chochote. Kitu cha kuuliza ni hiki: je, boksi limethibitishwa na Google kama Android TV au Google TV? Na je, lina Widevine L1? Hiyo Widevine ni kufuli inayolinda filamu za kulipia. Boksi lenye kiwango cha L3 litakuonyesha Netflix kwa ubora wa chini, karibu na 480p, hata kama katoni inaahidi miujiza. Weka programu ya bure ya DRM Info dukani na usome mwenyewe kiwango kilichoandikwa.

Kuna sababu nzito zaidi ya kuwa mkali. Januari 2023 mtafiti wa Kanada, Daniel Milisic, alifungua boksi la bei nafuu liitwalo T95 akakuta limepandikizwa programu hasidi tangu kiwandani. Juni 2025 FBI ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa wahalifu uliotumia mamilioni ya vifaa vya aina hii majumbani mwa watu. Boksi la namna hiyo linafanya kazi za watu wengine kupitia intaneti yako, mega zako zikiyeyuka hata mkiwa mmelala. Je, mega zinaisha na hakuna aliyetazama kitu? Zima boksi siku moja, ulinganishe. Zikibaki, umeshampata mwizi. Boksi hilo litumie kwa flashi tu, bila intaneti, na usiweke humo neno la siri la kitu chochote.

Hata kwa boksi zuri, zima masasisho ya kujiendesha na ufute programu usizotumia. Lenye GB 8 za ndani hujaa haraka, na likijaa linakuwa zito hata kufungua menyu.

12. Mpira wa moja kwa moja uachie dishi

Filamu inaweza kusubiri alfajiri. Mechi haisubiri! Tarehe 7 Februari 2024, Léopards walipocheza nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, aliyetazama kwa intaneti alikuwa kwenye hatari ya kumsikia jirani akipiga kelele kabla yeye hajaona kitu. Mkondo wa intaneti huchelewa, na watu wakiongezeka kwenye mnara unakwama. Satelaiti ya TV haina shida hiyo: watazame kumi au milioni, kila dishi linapokea mawimbi yaleyale, na halili hata mega moja.

Kwa hiyo weka dekoda kwa ajili ya mechi, boksi kwa ajili ya mengine, kila kimoja na tundu lake la HDMI. Usiunganishe kwa zile nyaya za rangi tatu ikiwa TV ina HDMI, maana zile za njano, nyekundu na nyeupe haziwezi kubeba picha ya HD kabisa. Na kabla mvua za Septemba hazijaanza, panda na fundi mkaze skrubu za dishi. Upepo wa ziwani ukilisogeza kidogo tu, kiangazi utaendelea kupata picha bila kujua, halafu mvua ya kwanza inanyesha dakika ya 80 na picha inakatika.